Ngozi ya Bi Kalunde Mikononi mwa Mtani

Bi Kalunde alihisi mtu anamshika tumbo, na tumbo lenyewe halikuwapo.

Alikuwa ameketi kitandani kwake, Ng'ambo ya Tabora, mito imerundikwa mgongoni, magoti yamekunjwa kama walivyomwelekeza hospitali ili mshono usivutwe. Mkono mmoja kikombe cha uji, mwingine kijiko. Chumbani hakuna mtu, hata paka alikuwa nje anaota jua. Lakini pale ambapo tumbo lake la zamani lilikuwa likiangukia mapajani kama aproni, ambapo sasa palikuwa na hewa tupu na shuka safi, kitu kilipita. Cha baridi, kigumu, chenye ukingo. Kikapita, kikazunguka, kikarudi.

"Bakuli," alisema kwa sauti. "Hili ni bakuli la bati."

"Umeniita?" mumewe, Mzee Kapela, aliuliza kutoka uani.

"Sijakuita, Baba Mwashi. Naongea na tumbo langu."

"Lipi? La zamani au jipya?"

"La zamani."

Mzee Kapela akacheka, akaendelea kuchonga mpini wa jembe lake. Mgonjwa akitania, alisema moyoni, amepona. Hakujua kwamba mkewe hakutania.

Sasa, ili tusiachane njiani, tueleweshane. Miaka hiyo watu hawakuwa wakimeza dawa za kupungua. Mwenye unene wa maradhi alikwenda zahanati, muuguzi akampandia nyuzi za kiasi chini ya ngozi ya tumbo, nyembamba kushinda za buibui, kama unavyopanda mchicha kwenye tuta. Nyuma ya sikio akamwekea punje moja, saizi ya mtama. Kazi ya nyuzi ni kusikiliza. Hii njaa ni njaa, au ni huzuni imevaa nguo za njaa? Zikishajua zinainong'oneza punje, punje inaunong'oneza ubongo, na tonge linarudi sahanini lenyewe bila mtu kugombezwa.

Bi Kalunde alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi gani mji ule ililiwa bila sufuria zake? Na mpishi ni lazima aonje. Akaonja, akaonja, mpaka kitanda kikalalamika na magoti yakagoma. Nyuzi zilipopandwa alianza kuyeyuka kama samli juani. Ila ngozi si samli. Ngozi ikishajua kutanuka haijui kurudi. Ikabaki inaning'inia mikunjo kwa mikunjo, chini yake vipele, jasho, poda, na harufu ambayo mtu mzima hapendi kuisema. Akisimama kusali, anaporukuu, ngozi inatangulia kusujudu.

Ndiyo hiyo waliyoikata. Upasuaji ulichukua asubuhi yote, mshono ukatoka nyonga hata nyonga, kitovu wakamtengenezea kipya, kidogo, kizuri kama cha binti. Kabla ya kulazwa muuguzi alimwuliza: ngozi itakayotoka, itupwe au itolewe kwa mwenye kuihitaji?

"Itoeni," alisema. "Nguo isipokutosha si unampa jirani?"

Akaweka dole gumba, akasahau. Kwake yeye hiyo ilikuwa sadaka, na sadaka haiulizwi imefika wapi.

*

Siku ile ile ya bakuli, dada yake mkubwa aliwasili. Dada Milembe hakuja mikono mitupu. Alikuwa na furushi la majani ya mwarobaini, kaniki kuukuu, na sufuria lake mwenyewe, kwa kuwa masufuria ya watu hakuyaamini.

"Bado hujakandwa?" aliuliza kabla ya salamu. "Siku zote hizi? Kapela! Bandika maji."

"Dada, mimi sijazaa."

"Hujazaa nini? Zile kilo zilizotoka ni mtu mzima kabisa, tena mwenye familia yake. Mwanamke akifunguliwa tumbo ni mzazi. Mzazi hukandwa maji ya moto, akafungwa mkaja, akanywa uji wa pilipili manga. La sivyo damu inalala, unabaki na tumbo la upepo."

"Mkaja ninao." Bi Kalunde aligusa ule mkanda mpana wa hospitali uliombana kutoka chini ya matiti mpaka mapajani. "Na daktari amesema maji ya moto yasinikaribie."

"Huyo daktari amezaa wangapi?"

Ukiwa umelelewa na dada yako, umebebwa mgongoni kwake, hata ukifika umri wa kuitwa bibi huwezi kumwambia hapana mara mbili. Milembe akaulegeza mkanda, akachovya kaniki kwenye maji yanayofuka moshi, akaikamua, akaikandika pembeni ya mshono.

Ajabu ni kwamba haikuchoma. Ngozi kando ya mshono ilikuwa ganzi bado, kama mdomo ukitoka kung'olewa jino.

"Unaona?" Milembe alisema kwa ushindi. "Mwili unakunywa." Akachovya tena, akaikandika tena, kwa nguvu zaidi.

Hapo ndipo lile tumbo lisilokuwapo lilipojikunja. Lilijikunja kama ngumi. Bi Kalunde aliachia mguno, kikombe kikamponyoka, na wakati huo huo simu ya ukutani ikaita kwa mlio wa dharura.

"Mama Kalunde!" Ilikuwa sauti ya Daktari Aikande, yule aliyemshona. "Unafanya nini? Chochote unachofanya, acha! Kuna mtu huku anapiga mayowe, anasema anaungua tena!"

Milembe alibaki ameshika kaniki hewani. Bi Kalunde akatazama ubavu wake. Pale palipokandwa, malengelenge yalikuwa yanaanza kuvimba, mekundu, na yeye hasikii kitu.

"Dada," alisema polepole, "nadhani tumemkanda mtu mwingine."

*

Walimpeleka hospitali kwa bajaji ya umeme, amejikunja mbele kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, maana mwenye mshono wa tumbo hajui kunyooka. Milembe hakusema neno njia nzima, na hilo lilikuwa ajabu kubwa kuliko mengine.

Daktari Aikande aliyafunga malengelenge kwanza. Kisha akavuta kiti. Alikuwa binti wa Kichaga, mdogo wa umri, mwenye kuongea taratibu kama anayemimina maziwa.

"Mama, ngozi yako tumempa mtu. Tumeiweka kwenye viganja na vidole. Ngozi ya tumbo ni laini, haijawahi kushika jembe, inakubali haraka. Tulijua nyuzi zilizomo zitakufa ikishakatwa. Kwa wengine wote hufa. Za kwako umekaa nazo muda mrefu, zimeota mizizi kwenye mishipa ya fahamu. Zimekataa kufa. Na bado zinakutafuta wewe, ndiyo maana alipopiga mayowe nikakupigia simu."

"Kwa hiyo lile bakuli..."

"Alikuwa analishwa uji. Akishika kitu, habari haiendi kwake, inakuja kwenye punje yako. Ni kama simu ya nyumba moja iliyounganishwa nyumba nyingine."

"Na yeye anahisi nini?"

"Hakuna, Mama. Ganzi tupu. Maji ya moto yalimfikia kwa kuwa moto una sauti kubwa, hupita hata ukutani."

Bi Kalunde aliguna. "Haya. Dawa yake nini?"

"Ziko njia mbili. Moja, kuizima punje. Unaibonyeza kwa kidole mpaka ilie, basi, hata nyumbani unaweza. Nyuzi zitakufa, wewe utapona kwa amani. Yeye atakuwa na mikono inayofunga na kufungua, lakini ganzi maisha yake yote. Ya pili, kuiacha. Nyuzi zimzoee polepole. Zikimjua yeye, zitakusahau wewe. Lakini mpaka hapo mzigo wote ni wako. Mishipa ya mkono ulioungua ikianza kuamka, inauma. Sikufichi, inauma vibaya. Na mwili unaobeba maumivu ya wawili hauponi upesi. Mshono wako unaweza kuvimba, unaweza hata kufumuka."

"Huyo mtu anasemaje?"

"Hajaambiwa. Sheria inakuruhusu uamue bila kumwona, ili usione haya."

"Mwanangu, mimi sijawahi kupika shughuli ya mtu nisiyemjua jina. Sheria inakukataza kunipeleka?"

Daktari alifikiri. "Inasema nisikulazimishe. Haisemi nikuzuie."

"Basi nishike mkono."

Mtu mwenyewe aliitwa Kondo, muoka mikate ya mofa. Tanuri lake lilipasuka siku anabandika mikate, naye akaingiza mikono miwili kuziba mlango wa moto ili wenzake wapite. Alikuwa ameketi kitandani, mikono imevikwa mifuko ya plastiki angavu, ndani yake ngozi ya Bi Kalunde, ile ile, na hata lile baka la utotoni alilitambua, limehamia kwenye kiganja cha kushoto cha mwanamume. Lakini kilichomgonga moyo hakikuwa mikono. Yalikuwa macho. Kondo alikuwa kipofu, surua ilimpofua angali mtoto.

Pembeni yake mkewe, Chiku, alikuwa ananyonyesha kichanga.

"Amezaliwa mimi nikiwa na bandeji," Kondo alisema akiisikia sauti ya mtoto. Alikuwa na uso wa kucheka hata akinyamaza. "Wanasema ni mzuri. Lakini hata mimi waliniambia ni mzuri."

Bi Kalunde alimweleza yote, bila kupunguza wala kuongeza. Kondo alisikiliza kichwa kikiwa upande.

"Zima, Mama," alisema mwishowe. "Tena leo. Mimi giza moja nimelizoea, la pili nitalizoea pia. Chiku atakuwa ananipa vitu mkononi na kuniambia majina yake."

"Na unga? Utaukandaje?"

Kondo aliinua ile mifuko kidogo, akaishusha.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Mzee Kapela alikuwa amefika, fimbo mkononi, ameambiwa habari na Milembe kule nje, na Milembe hakusimulia kwa tahadhari.

"Yuko wapi," alinguruma, "huyo mwanamume anayemshika mke wangu tumbo?"

"Niko hapa," Kondo alisema. "Na wewe ni nani unayekuja wodini na miguu kama ya punda?"

"Mimi Kapela! Mnyamwezi wa Itetemia!"

Kondo akageuka upande wa mkewe. "Chiku, nishike nisianguke. Mungu wangu! Watu wote waliomo duniani, mimi nimevishwa Mnyamwezi!"

Fimbo ya Mzee Kapela ilisimama hewani. "Wewe kabila gani?"

"Mzaramo. Wa Kisarawe."

Wodi nzima ilitulia, maana kila mtu alijua kilichotokea. Baina ya Mnyamwezi na Mzaramo pana utani, tangu enzi za misafara, babu wa huyu alipofika pwani na mzigo kichwani na babu wa yule akampa maji, na akifa njiani akamzika. Mtani huingia jikoni kwako akapakua nyama. Humwita mkeo mke wake mbele yako. Ukifiwa, hulala kaburini akakataa kutoka mpaka abembelezwe. Na wewe huruhusiwi kukasirika. Mwenye kumkasirikia mtani amejivunjia heshima mwenyewe.

Mzee Kapela aliishusha fimbo pole pole, kama bendera.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Ndiyo maana tangu juzi mke wangu amelala tu hataki kazi."

"Na ndiyo maana mikono yangu inawasha," Kondo alijibu. "Inatafuta mzigo wa mtu ibebe."

"Mzaramo ameona wapi mzigo? Nyie kazi yenu ngoma."

"Tungepumzika vipi bila ngoma, na nyinyi mmepita mnatikisa barabara mpaka baharini?"

Chiku alicheka hadi mtoto akaachia ziwa. Bi Kalunde alikuwa ameubana mshono kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. "Msinichekeshe! Nitapasuka hapa hapa, na daktari amechoka kushona!"

Walipotulia, Kondo aliacha mzaha. "Mtani," alimwambia Mzee Kapela, "mwambie mkeo azime. Utani haujafika huko."

Mzee Kapela alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anatazama mikono.

*

Hakuzima. Lakini msidhani alikuwa shujaa. Alirudi nyumbani akisema, "Ngoja tuone," kama mtu anayeonja mchuzi kabla ya kutia chumvi.

Mwanzoni yalikuwa mambo ya kuchekesha. Yuko msalani, tumbo la zamani linashikishwa kijiko. Yuko kwenye sala, limeshikwa blanketi. Akampigia simu Kondo, ambaye naye alikuwa amesharuhusiwa kurudi kwake hapo mjini, akampa masharti bila aibu.

"Sikiliza, baba. Wakati wa sala usishike kitu. Ukienda haja, vaa glovu. Na mkeo, mpaka mambo haya yaishe, mshike kwa kiwiko."

"Kiwiko, Mama?"

"Mimi ni mwanamke wa heshima. Sikuomba kujua habari za nyumba ya watu."

Nyuma yake Mzee Kapela aliinamia ukuta kwa kicheko. "Mwambie ndiyo adhabu ya Wazaramo!"

Kisha mishipa ikaanza kuamka.

Ilianza kama chungu wekundu. Ikaja kama mafuta ya kukaangia yanayoruka. Mwisho ikawa moto wenyewe, moto usiokuwa na mahali, maana palipouma hapakuwa na kitu cha kupuliza wala cha kupaka. Anajipapasa, mkono unapita hewani. Milembe, aliyeapa kutogusa maji ya moto mpaka kiama, alikaa kando yake na upepeo, anapepea shuka tupu. "Hapa?" "Chini kidogo." "Hapa?" "Hapo hapo, dada." Anapepea mahali ambapo hapana mtu, na wote wawili wanaona ni sawa.

Mwili ukaanza kulipiza. Mshono ulivimba upande wa nyonga ya kushoto. Mkanda ukambana kama pete ya pipa. Hatua zilizoanza kunyooka zikarudi kujikunja. Daktari Aikande akaja nyumbani, akabonyeza, akatazama, akasema hapa pakifumuka turudi kwenye kisu.

Mzee Kapela alimsindikiza daktari mpaka nje, akarudi, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mama Mwashi," alisema. Hakuwa na mzaha usoni. "Mtani huchukua kuku. Huchukua hata mbuzi. Hachukui uhai. Umetoa ngozi, imetosha. Bonyeza hiyo punje ulale."

"Wewe ungebonyeza?"

"Mimi ningebonyeza siku ya kwanza."

Alisema kweli, na Bi Kalunde hakumlaumu. Alikuwa amechoka. Alikuwa amesubiri miaka mingi kuupata mwili huu mwepesi, atembee sokoni bila kupumzika, ajifunge kanga ikazunguka mara mbili, na sasa mwili umekuja, hawezi hata kuusimamisha. Haki yake si ilikuwa wazi? Hakumchoma mtu. Hakuvunja ahadi, aliyoitoa aliitoa, haidai. Akainua mkono, akaitafuta punje nyuma ya sikio, kidole kikatulia juu yake.

Hapo tumbo la zamani likagusa ukuta.

Aliujua ni ukuta. Plasta ya mchanga mchanga, ya baridi. Mikono ilikuwa inateleza juu yake, ya kulia mbele, ya kushoto inafuata. Ikapita kwenye msumari. Ikaendelea. Halafu ubao, laini, umepigwa rangi, wenye kona. Fremu ya mlango! Bi Kalunde akasubiri mikono isimame. Haikusimama. Ikaigusa fremu, ikakosa hewa ya mlango kwa upana wa kiganja, ikarudi ukutani. Plasta tena. Msumari tena. Kondo alikuwa anatafuta mlango wa chumba chake mwenyewe. Alikuwa ameushika, na hakujua ameushika.

"Mlango huo hapo!" Bi Kalunde alipiga kelele. "Umeuacha! Rudi kulia!"

Mzee Kapela aliruka. "Nani?"

Bi Kalunde alisikiliza kwa ngozi. Mikono ilizunguka chumba, ikagusa meza, ikagusa kiti, ikarudi ukutani, yote kwa haraka ya mtu anayeanza kuogopa nyumbani kwake. Na kila ilichokigusa kilikuja kwake yeye, kimejaa, kina joto lake na baridi yake, kama posta inayoleta barua za mtu mwingine mlangoni kwako.

Aliuondoa mkono nyuma ya sikio.

"Baba Mwashi, nilikuwa nasema nimetoa sadaka. Sadaka ni kitu chako unachompa mtu. Hiki sicho. Haya ni macho yake, yamelala nyumbani kwangu. Hii ni amana. Mtu akikuwekea amana, nyumba yako ikawa inavuja, utaitupa nje?"

Mzee Kapela akanyanyuka kwenda kuita bajaji.

"Unakwenda wapi?"

"Kumwonyesha mtani wangu mlango," alisema. "Mzaramo gani anapotea chumbani!"

Tangu hapo alikwenda kila asubuhi. Milembe alipepea. Nyonga ya kushoto ilifumuka kidogo, urefu wa kucha, Daktari Aikande akaishona palepale kitandani bila kuirudisha kwenye kisu kikubwa, na Bi Kalunde akamwambia, "Endelea tu, mwanangu, kwa kushikwa nimeshazoea."

*

Mahindi ya kuchoma yalikuwa yameanza kuonekana mjini siku walipoitwa hospitali kwa jaribio.

Bi Kalunde alitembea mwenyewe kutoka getini. Alitembea amenyooka. Uvimbe ulikuwa umeshuka, mkanda ameuacha nyumbani, na kovu lake lilikuwa limetulia chini ya gauni, jembamba, la zambarau. Lile tumbo la zamani lilikuwa bado linasema, ila siku hizo lilisema kwa kukatika katika, na maumivu yalikuwa yamepungua hata asijue ni dalili ya kheri au ya shari. Daktari hakumficha: nyuzi zinaponyamaza, ama zimehama, ama zimekufa. Leo ndiyo watajua.

Walimkalisha upande mmoja wa pazia, Kondo upande mwingine. "Usiseme kitu, Mama," Daktari Aikande alimwomba. "Hata ukijua."

Mzee Kapela alikaa karibu na mkewe. Milembe alisimama.

Kitu cha kwanza kiliwekwa viganjani mwa Kondo. Bi Kalunde akakijua kabla hakijatulia: hindi bichi, limemenywa, punje mstari kwa mstari, nywele zake zimenata. Aliuma mdomo. Ng'ambo ya pazia palikuwa kimya.

"Sijui," Kondo alisema. "Samahani, daktari. Naona kama nimeshika usingizi."

Milembe alifumba macho. Mzee Kapela akaushika mkono wa mkewe.

Kitu cha pili. Bi Kalunde alikihisi kwa mbali, kama redio ya jirani: kitu cha unyevu, kinazama ukikibonyeza, kinarudi. Donge la unga. Akasubiri. Kondo alivuta pumzi, akaiachia, akavuta tena.

"Subirini kwanza," alisema. Sauti ilikuwa nyembamba. "Subirini. Kinanifuata kidole... Huu ni unga. Huu ni unga, jamani! Na aliyeukanda alikuwa na haraka, haujapumzika!"

Muuguzi mmoja akasema kwa aibu kwamba ni yeye. Wote wakacheka, isipokuwa Bi Kalunde. Alikuwa anajiandaa kwa cha tatu.

Alingoja. Hakikuja kitu.

Alifumba macho akakitafuta pale kilipozoea kuja, chini ya kitovu, juu ya mapaja. Hewa. Akatulia, akazuia pumzi. Hewa tupu, na gauni, na kiti alichokalia. Hakuna baridi, hakuna joto, hakuna ukingo. Zimekufa, alisema kimoyomoyo. Unga ulikuwa ndiyo kwaheri yake. Yote yale, na zimekufa leo mbele yake. Ng'ambo ya pazia palikuwa kimya kabisa, kimya cha watu wengi waliozuia pumzi pamoja, na kimya hicho kikaendelea mpaka Milembe akaanza kusema "Innalillahi" chini chini.

"Haya masikio," ilisema sauti ya Kondo, "ni ya kwangu."

Hakuna aliyejibu.

"Paji la uso la mama yake. Nyusi hana, zitakuja. Pua hii, Chiku, umeiokota wapi? Kwetu hakuna pua hii. Na nywele hizi mpaka shingoni! Mbona hukuniambia ana nywele mpaka shingoni? Mdomo... ananinyonya kidole. Ananinyonya kidole, nasikia ulimi wake." Halafu sauti ikavunjika, akawa anacheka au analia, na kichanga naye akaanza kulia kwa kushikwashikwa.

Mzee Kapela aliinama sikioni mwa mkewe. Alikuwa analia bila kujificha, mzee mzima.

"Umemhisi?" alinong'ona. "Mtoto yukoje?"

Bi Kalunde aliweka viganja vyake juu ya tumbo lake jipya, lililo bapa, lililo lake peke yake.

"Sijui," alisema. "Muulize baba yake."